Saa Janja ya Zamani Inayomaliza Chaji Ghafla: Mwongozo Kamili wa Kumsaka Mchawi

Malalamiko huja kwa sura ileile. Saa ilikuwa inakaa na chaji mchana kutwa na usiku wake. Wiki iliyopita ikaanza kuzima alasiri. Mwenyewe akapunguza mwanga, akazima Bluetooth, akafuta programu sita, akabadili uso wa saa, mwisho akarejesha mipangilio ya kiwandani, yote hayo jioni moja. Saa ikapona siku nne. Siku ya tano, alasiri, giza.

Muulize ni lipi kati ya hayo yote lililoisaidia zile siku nne. Hajui. Hakutengeneza saa, alipiga ramli, na ramli ikamwangukia vizuri kwa muda. Hapa tunakwenda kinyume chake: unapima, unabadili kitu kimoja, unapima tena.

(Kiswahili kinatutega kidogo kwenye somo hili, maana saa ya mkononi na saa ya dakika 60 ni neno lilelile. Ukiona asilimia zimeandikwa "kwa saa", hapo nazungumzia muda.)

## Kwanza, usiubebeshe uzee lawama zote

Betri ya litiamu huchakaa pole pole. Apple, kwa mfano, inasema betri ya Apple Watch imeundwa kubaki na hadi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kamili 1,000 ya chaji. Kwa mtu anayechaji mzunguko mmoja kila siku, hiyo ni karibu miaka mitatu. Uchakavu wa namna hiyo unakunyang'anya dakika chache kila mwezi. Haukunyang'anyi nusu ya siku ndani ya wiki. Kushuka kwa ghafla kuna tukio nyuma yake: sasisho, simu mpya, programu mpya, mkanda uliolegea, pini zilizoshika kutu.

Ila uzee una kosa lake moja: unakuza kila tatizo. Chukua Galaxy Watch4 ya milimita 40, ambayo betri yake ni mAh 247 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Tuseme kuna programu imekwama na inakula mAh 10 kila saa bila wewe kujua. Kwenye betri mpya hiyo ni asilimia 4 kwa saa. Betri hiyohiyo ikishabaki na asilimia 70 ya uwezo wake, yaani kama mAh 173, ulaji uleule unasomeka karibu asilimia 6 kwa saa. Kwenye simu ya mAh 5,000 usingeuona kabisa, ni asilimia 0.2. Ndiyo maana saa ya zamani inaonekana imekufa ghafla, kumbe ina mdudu mdogo tu kwenye betri iliyokonda.

## Vitu vya kuandaa

- Chaja iliyokuja na saa, au nyingine ya kampuni ileile. Chaja ya kuazima inaharibu vipimo.
- Simu iliyooanishwa na saa, yaani iliyounganishwa nayo, pamoja na nenosiri la akaunti uliyotumia kuiandikisha saa.
- Karatasi na kalamu. Programu za kupima betri nazo hula betri, kwa hiyo ziache.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, mswaki laini ambao haujatumika, vijiti vya pamba, na spiriti ya isopropili ya asilimia 70.
- Tochi, ya simu inatosha, na kipande cha karatasi nyembamba.
- Usiku tatu hadi tano, na zaidi ukilazimika kufika hatua za mwisho. Kazi yenyewe ni dakika kumi kwa siku, kinachotakiwa ni subira.

Bisibisi na visu vya kufungulia usivilete mezani kabisa. Hakuna hatua inayovihitaji.

## Hatua ya 1: Hakikisha betri haijavimba

Hii inatangulia kwa sababu jibu likiwa baya, hatua zote zinazofuata zinafutwa.

Betri ya litiamu iliyoharibika hutoa gesi ndani yake na kufura. Ndani ya saa hakuna nafasi ya kufuria, kwa hiyo husukuma kioo juu au kifuniko cha nyuma chini. Iweke saa usawa wa jicho, mulika tochi kutoka upande wa pili, uizungushe taratibu. Mwanga ukipenya kati ya kioo na bodi, au pembe ya karatasi ikiingia mahali ambapo haikupaswa kuingia, simama. Dalili nyingine ni doa jeupe kwenye skrini linalohama ukigusa, vitufe vilivyokuwa laini sasa vigumu, na mgongo wa saa uliochomoza kuliko zamani.

Onyo: usikibonyeze kioo kirudi, usiichaji hata "kidogo tu uhamishe data", usiitoboe, usiivae. Izime, iweke juu ya kigae au sahani ya chuma mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke kwa fundi wa kampuni husika au wanakopokea taka za elektroniki.

Ukifaulu: kioo kimelala sawa pande zote na karatasi haiingii popote.

## Hatua ya 2: Hakikisha chaji inaingia kweli

Watu wengi wanalia chaji inatoka wakati tatizo ni kwamba haikuingia.

Jasho likikauka linaacha chumvi. Kwenye saa zenye pini za kuchajia, chumvi hiyo pamoja na unyevu na umeme wa chaja vinatafuna madini ya pini. Utaona rangi ya kijani au weusi. Kwenye saa zinazochaji bila pini, utando wa mafuta ya kujipaka na ngozi iliyokufa hujikusanya mgongoni, saa inakaa vibaya kwenye chaja, inapata joto jingi na umeme kidogo.

Zima saa, vua mkanda. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti, kisiwe kinachuruzika, pangusa mgongo wa saa na uso wa chaja. Penye pini tumia mswaki mkavu kwanza, spiriti baadaye. Ngoja dakika 15 ikauke kabisa.

Onyo: usikwangue pini kwa sindano wala wembe. Zimepakwa tabaka jembamba la kuzuia kutu, na ukilitoa, kutu inarudi kwa kasi zaidi. Na kuanzia leo usiiweke saa kwenye chaja ikiwa imelowa.

Sasa ichaji ukiiangalia. Kuna mambo matatu ya kuandika.

La kwanza ni mwendo. Kati ya asilimia 20 na 80 namba hupanda kwa hatua zinazolingana. Ikiruka, mathalani kutoka 41 hadi 58 ndani ya dakika tatu, kipimo cha betri kimepotea njia au betri imebaki ndogo mno.

La pili ni muda. Saa iliyokuwa inajaa kwa dakika 100 na sasa inajaa kwa 45 haijapata nguvu mpya. Chombo kimepungua, ndiyo maana kinajaa haraka.

La tatu ni baada ya kujaa. Ikifika 100 iache dakika 20 zaidi, itoe, subiri dakika tano. Ikisoma 99 au 100, sawa. Ikidondoka hadi 95 bila kazi yoyote, ile 100 ilikuwa ya uongo.

Kwa kipimo kilichopotea njia kuna dawa: itumie saa hadi ijizime yenyewe, kisha ichaji hadi 100 bila kuitoa katikati. Fanya mara moja tu. Kuimaliza betri ya litiamu hadi sifuri kila wiki kunaichakaza, na ushauri wa kufanya hivyo kama mazoea umetuzidishia betri mbovu.

## Hatua ya 3: Usiku wa kupima, na usiguse kitu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye majibu.

Usiku wa kwanza vaa saa kama kawaida yako. Usibadili mpangilio wowote. Saa 4 usiku andika asilimia, saa 12 asubuhi andika tena. Karatasi yangu ya mwaka ule saa yangu ilipoanza vituko ilisomeka hivi:

Saa 4 usiku: 100
Saa 12 asubuhi: 61
Zimeondoka 39 kwa saa 8, karibu 5 kwa saa.

Usiku wa pili ijaze, iweke kwenye hali ya ndegeni, ivue, ilaze mezani. Andika namba zilezile kwa muda uleule. Mimi nilipata 100 na 96.

Tazama tofauti hiyo: 39 na 4, betri ileile. Betri iliyokufa haiwezi kukaa usiku kucha na kupoteza 4. Kabla sijagusa mpangilio wowote nilishajua kwamba betri ni nzima kiasi cha kutosha na mchawi yuko kwenye mawasiliano, vihisi au programu. Hiyo ni nusu ya kazi.

Ukipata kinyume, yaani inashuka asilimia 25 au 30 hata ikiwa mezani kwenye hali ya ndegeni, bado usiihukumu betri. Huenda kuna programu imekwama na inakimbia ndani kwa ndani. Fanya hatua ya 4, kisha urudie usiku wa pili. Ikishuka vilevile, fanya jaribio la mwisho: andika asilimia, izime kabisa, iwashe asubuhi. Kuwaka kwenyewe kunakula asilimia chache. Lakini iliyolala imezimwa ikaamka imepungukiwa 20, hapo betri au mitambo ndiyo yenye kesi, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya 9.

Kawaida ni kiasi gani? Inategemea ukoo wa saa. Kwa Apple Watch na saa nyingi za Wear OS (mfumo wa Google wa saa janja), kushuka asilimia 1 hadi 2 kwa saa usiku, ikipima usingizi, hakuna cha kutisha. Saa nyepesi zinazotangazwa kukaa wiki mbili zinapaswa kupoteza kama asilimia 7 kwa siku nzima. Ukiona inapoteza 7 kwa usiku mmoja, tayari ni kesi, hata kama jirani yako mwenye Apple Watch anakuonea wivu.

Angalia pia umbo la kushuka mchana. Ikiteremka kwa mwendo mmoja, kama mtungi unaovuja, tafuta anayekunywa. Ikikaa vizuri hadi 34 kisha ikazima ghafla, na ukiiweka kwenye chaja inawaka ikisema 30, huo ni ugonjwa wa betri yenyewe. Betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka, kwa hiyo saa ikiomba nguvu nyingi kwa mpigo, labda GPS na skrini pamoja, volti zinaanguka chini ya kiwango na saa inajizima kujilinda. Baridi huzidisha hali hiyo. Kama inazima ukiwa kwenye baridi tu, iache ipate joto la kawaida kabla ya kuipima.

## Hatua ya 4: Zima, washa, subiri

Kama saa ilipata sasisho ndani ya siku tatu zilizopita, usifanye chochote bado. Baada ya sasisho saa hupanga upya mafaili yake, husawazisha picha na data, huziandaa programu upya. Ulaji wa siku mbili tatu za mwanzo hauhesabiki.

Kama hakuna sasisho, izime kwa njia ya kawaida na kuiwasha. Ikigoma kuitika, ndipo unailazimisha. Kwenye Apple Watch bonyeza kitufe cha ubavuni na taji (kile kitufe cha kuzungusha) kwa pamoja angalau sekunde 10 hadi nembo itokee. Saa nyingine zina mchanganyiko wao wa vitufe, umo kwenye kijitabu chake. Kamwe usilazimishe katikati ya sasisho.

Ipe saa moja itulie, halafu rudia usiku wa kwanza.

Ukifaulu: namba zinarudi karibu na kawaida na zinabaki hapo usiku tatu mfululizo. Usiku mmoja haukutoshi kushangilia.

## Hatua ya 5: Chunguza ndoa ya saa na simu

Kama usiku wa ndegeni ulikuwa mzuri, anzia hapa. Kwa uzoefu wangu, hapa ndipo wachawi wengi wanakamatwa.

Simu ikiwa karibu, saa inaongea nayo kwa Bluetooth ya nishati ndogo, ambayo haili karibu chochote. Simu ikitoka kwenye uwezo huo, saa inaanza kuitafuta. Isipoipata inahamia Wi-Fi, na yenye laini yake inahamia mtandao wa simu. Kila ngazi inakula zaidi ya iliyotangulia, na mtandao wa simu penye mawimbi hafifu ndio mlaji mkubwa kuliko wote, maana redio ndogo iliyomo ndani ya saa inaongeza nguvu ili isikike.

Mbaya kuliko kuwa mbali ni kuwa mpakani. Saa inaunga, inakata, inatafuta, inaunga, usiku kucha.

Ndicho kilichonipata mimi. Zile 39 za usiku zilianza wiki niliyohamisha chaja ya simu kutoka kando ya kitanda kwenda sebuleni, eti nisiishike simu usiku. Nia njema. Nilishakubaliana na fundi anibadilishie betri kabla sijajaribu kitu cha kijinga: nilisimama mlangoni mwa chumba nikiitazama saa. Juu ya skrini palikuwa na alama ndogo ya simu iliyokatwa kwa mstari. Nikapiga hatua tatu kuelekea sebuleni, alama ikapotea. Nikarudi tatu, nikahesabu kama sekunde ishirini, ikatokea tena. Kitanda changu kilikuwa mpakani kabisa. Usiku ule niliirudisha simu kando ya kitanda, nikaamka na 86. Fundi nilimpigia kumwomba radhi.

Kwa hiyo fanya hivi, kimoja kwa usiku mmoja:

Lala na simu ndani ya chumba kilekile. Au, kama hutaki simu chumbani, iweke saa hali ya ndegeni kabla ya kulala. Nyingi zinaendelea kupima usingizi na kupeleka data asubuhi.

Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio ya betri ya programu inayosimamia saa, uiruhusu itumike chinichini bila kizuizi. Masasisho ya simu yana tabia ya kuilaza programu hiyo ili kuokoa chaji ya simu. Simu inapata nafuu, saa ndiyo inalipa, kwa sababu kila programu ikilazwa, saa inaanza upya kuita.

Kama umebadilisha simu karibuni, iwashe ile ya zamani na uiondoe saa kwenye orodha yake ya Bluetooth. Simu ya zamani iliyolala kwenye droo ikiwa na chaji inaweza kuendelea kuiita saa.

Arifa nazo zikague. Kundi moja la gumzo lenye watu 200 linaiwasha skrini na mtetemo mara mamia kwa siku. Ziache zinazokuhusu, zima nyingine.

Ukifaulu: alama ya kukatika haionekani ukiwa kwenye shughuli zako za kawaida, na usiku wa kuvaa unakaribia usiku wa ndegeni.

## Hatua ya 6: Uso wa saa na programu

Skrini za OLED, zinazotumika kwenye saa nyingi za miaka hii, huzima kabisa nukta nyeusi. Uso mweusi wenye namba nyembamba unawasha sehemu ndogo tu ya skrini. Uso mweupe unaiwasha yote. Ongeza mshale wa sekunde, hali ya hewa inayojisasisha na picha inayocheza, na uweke skrini ya kuwaka muda wote, umepata jiko lisilozimwa.

Jaribio ni rahisi: rudisha uso mweusi uliokuja na saa, usio na vidude vya pembeni, siku moja na usiku wake. Mengine yote yabaki kama yalivyo. Ikitengemaa, rudisha kidude kimoja kimoja hadi mlaji ajitokeze. Nyuso zilizopakuliwa kwa watengenezaji wengine ndizo ninazozishuku kwanza, hasa zile za bure zenye kila kitu.

Halafu fungua orodha ya matumizi ya betri, kwenye saa au kwenye programu yake ya simu. Isome kwa uangalifu. Kwenye baadhi ya saa, "asilimia 40" mbele ya programu ni sehemu ya betri nzima. Kwenye nyingine ni sehemu ya kile kilichokwisha kuliwa, hata kama kilicholiwa chote ni kidogo. Soma maandishi ya juu ya orodha kabla hujamfunga asiye na hatia. Unachotafuta ni programu usiyoitumia ambayo iko juu ya skrini yenyewe. Hiyo ifute, uwashe saa upya, upime usiku.

## Hatua ya 7: Vihisi vilivyokesha

Kihisi cha mapigo ya moyo kinafanya kazi kwa kumulika taa za kijani kwenye ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Cha oksijeni kinatumia nyekundu na ile isiyoonekana kwa macho. Mkanda ukilegea au kioo cha nyuma kikichafuka, saa haipati jibu safi, na nyingi huongeza mwanga na kupima mara nyingi zaidi. Kaza mkanda kiasi cha kidole kimoja kupita kwa taabu. Zima upimaji wa oksijeni wa usiku kama hukuagizwa kuufuatilia, na upimaji wa msongo wa mawazo kama unakuongezea msongo.

Angalia kama kuna zoezi lililosahaulika. Si mzaha. Nimewahi kushikishwa saa "mbovu" nikakuta ndani yake matembezi yanayohesabiwa tangu jana yake jioni, 21:14:07 na sekunde zinaendelea, GPS imewashwa muda wote huo. Zima pia utambuzi wa mazoezi wa kujiendesha kama kazi yako ni ya kutembeatembea. Na saa zenye GPS inayotumia masafa mawili ya mawimbi kwa pamoja, rudisha kwenye masafa ya kawaida, ukiwa na betri ya zamani hailipi.

Usiku washa hali ya usingizi ili skrini isiwake kila ukigeuka.

## Hatua ya 8: Mipangilio ya kiwandani, bila kumrudisha mchawi

Hapa ndipo wale wa siku nne walikosea mara ya pili. Walifuta saa, kisha wakarejesha nakala ya zamani, na kila kitu kikarudi pamoja na tatizo lake.

Utaratibu wenyewe: chaji saa ivuke asilimia 50. Sawazisha data ya afya na simu, kwa sababu isiyosawazishwa inapotea. Kumbuka kadi za malipo zitaondolewa. Kwenye Apple Watch, ondoa uoanishaji kupitia programu ya saa iliyomo kwenye iPhone, usiifutie kwenye saa yenyewe. Njia hiyo hutengeneza nakala na huondoa pia kufuli ya akaunti. Kwa saa nyingine, hifadhi nakala kwa programu yake ya simu kisha uifute.

Ukiiwasha, chagua kuisanidi kama saa mpya. Usirejeshe nakala. Usipakue kitu. Iache siku mbili itulie, pima usiku wa tatu. Hiyo namba ndiyo msingi wako. Kisha ongeza programu mbili kwa siku, ukipima kila usiku. Ni kazi ya kuchosha, lakini mchawi akiingia utamwona mlangoni.

Ukifaulu: saa tupu inakaa vizuri. Kama saa tupu, safi, iliyokaa karibu na simu bado inamwaga chaji, sasa una haki ya kuilaumu betri.

## Hatua ya 9: Ikibaki betri

Apple Watch inaonyesha uwezo uliobaki kwenye mipangilio yake, sehemu ya betri, chini ya afya ya betri. Ukiwa chini ya 80, kubadilisha kuna maana. Saa isiyoonyesha namba hiyo, tumia karatasi yako: inajaa upesi mno, inazima ikiwa na 30, inavuja hata imezimwa. Mawili kati ya hayo yananitosha.

Usiifungue mwenyewe. Kioo kimegandishwa kwa gundi, waya zake ni nyembamba kama uzi, na betri nayo imegandishwa chini. Kisu kikiteleza kikatoboa betri, inaweza kushika moto palepale.

Kwa fundi uliza maswali matatu. Betri ni mpya ya tarehe gani? Betri ya litiamu inazeeka hata ikiwa rafuni, na ya miaka minne kwenye pakiti yake si mpya. Atabadilisha gundi au mpira wa kuzuia maji? Ana namna ya kuipima baada ya kuifunga? Kama hana, ihesabu saa hiyo kuwa haizuii maji tena, hata kama mgongoni imeandikwa mita 50. Usiogelee nayo wala usiingie nayo bafuni.

Kama kampuni imeshaacha kuipelekea saa hiyo masasisho ya usalama na wewe unaitumia kulipia, mimi nisingetia fedha kwenye betri. Kama unaitumia kuona muda, hatua na mapigo ya moyo tu, kubadilisha betri kunalipa. Betri ya zamani mwachie fundi aipeleke kwenye taka za elektroniki, isiingie kwenye pipa la kawaida.

Saa ikirudi, ichaji hadi 100 bila kuikatiza, itoe ile karatasi, urudie usiku wa kwanza na wa pili wa hatua ya 3 kwa muda uleule. Usiku wa ndegeni ukiwa mzuri na usiku wa kuvaa bado unasoma 39, betri mpya imeshafanya kazi yake. Rudi hatua ya 5, simama mlangoni, tazama ile alama ya simu.